Friji, mashine ya nguo na kuka zisikufie mapema: maneno ya fundi wa Kisumu

Friji nyingi zinazoletwa hapa kwa kibanda changu Kondele hazijazeeka, zimeuliwa. Ukifungua unaona kabisa kilichoiua, na mara nyingi ni stima, ama joto na vumbi, ama ni sisi wenyewe na kisu. Mashine ya nguo inauliwa na maji na sabuni. Kuka, yaani jiko la gesi ama la umeme, inauliwa na chai ya maziwa na ugali, usicheke, nitafika hapo. Ndio maana mtu akiniuliza ni friji gani nzuri mi humrudishia swali, utaiweka wapi na umenunua gadi, kile kidude cha kukinga stima mbaya? Ile ya bei ya juu kabisa ikikaa vibaya inakufa mbele ya ile ya bei ya chini ambayo mwenyewe anaijali.

STIMA KWANZA

Kwa soketi stima inafaa kuwa volti 240. Sasa watu hulia stima ikipotea, lakini kupotea si shida sana, shida ni venye inarudi. Ikirudi, kila friji na kila pampu kwa mtaa inawaka wakati mmoja, volti zinashuka, alafu zinaruka, alafu labda inapotea tena. Na kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya friji, ikizimika ghafla gesi inabaki na presha kubwa upande mmoja wa paipu, inataka kama dakika tatu hadi tano hivi ndio presha ilingane pande zote. Stima ikirudi kabla ya hapo mota inajaribu kusukuma inashindwa, inavuta stima nyingi kupita kiasi, inakuwa moto sana ndani, kile kidude cha kuikinga kinakata na unasikia "tik". Inapoa kidogo inajaribu tena, tik. Iache hivyo usiku mzima na asubuhi usishangae.

Kuna mama wa samaki huku Nyalenda alinipigia simu, "Fundi, friza inalia tik tik tangu jana lakini taa yake inawaka, si iko sawa?" Nikamwambia, "Mama, zima kwa ukuta saa hii, nakuja." Nikaenda na mita, nikapima ile soketi nikapata volti 170 na kitu. Friza haikuwa na shida yoyote. Stima yake ilikuwa inatoka nyumba kubwa ya mbele, imevutwa na waya mwembamba ule wa taa, imepita juu ya mabati mpaka nyuma kwa kibanda chake, na kwa huo waya kulikuwa na friza, TV na pasi. Friza ikitaka kuanza volti zinaanguka, inashindwa. Tukatoa huo waya tukaweka mnene wa milimita mraba 2.5, tukaweka gadi, na friza ni ile ile mpaka leo. Angeita mtu wa haraka angeuziwa kompresa mpya, na hiyo kompresa mpya ingeungua kwa huo huo waya.

Kwa hivyo nunua gadi. Ndio hiyo wengine wanaita frijigadi, unachomeka kwa ukuta alafu friji unachomeka kwa gadi. Stima ikiwa mbaya inakata, ikirudi inangoja dakika kadhaa ndio iruhusu. Angalia vitu viwili ukinunua. Kuna zile zinachunga stima ya chini peke yake na kuna zile zinachunga ya chini na ya juu, chukua hizi za pili, tofauti ya bei si ya kukuumiza. Alafu angalia ampea. Ile ndogo ya friji usiwekee mashine ya nguo yenye inachemsha maji, kwa sababu hita ya wati 2000 inavuta zaidi ya ampea 8 na hiyo gadi ndogo itayeyuka. Mashine ya nguo tafutia ya ampea 13.

Na wale wa friji za inverta, zile kompresa inabadilisha mwendo badala ya kuwaka na kuzima, mnaoambiwa ati hazihitaji gadi, hapana. Ni kweli zinavumilia volti zikishuka kuliko za zamani, na zinaanza polepole, lakini ziko na bodi ya elektroniki, na bodi ikipigwa na stima ya juu hiyo bei yake wacha tu. Ya inverta ndio inahitaji kuchungwa zaidi, sana sana stima ya juu.

Mambo mengine ya stima nitapitia haraka. Tokeni ikiisha usiku, kabla uingize zile namba 20 enda uzime friji kwa ukuta, weka tokeni, ngoja kidogo ndio uwashe. Kama uko na gadi usijali. Ukiona balbu zote zimewaka kupita kawaida, zinang'aa mpaka zinaumiza macho, enda mbio kwa meni swichi uzime nyumba yote, hapo pengine nyutro, ule waya wa kurudisha stima, imekatika mahali na volti zinaweza kupanda mpaka karibu 415, hakuna friji inapona hapo. Kanda hii ya ziwa pia tunajua radi zake, mvua ya jioni ikianza kunguruma usizime tu swichi, chomoa plagi kabisa, pamoja na waya wa dishi ya TV. Na ekstensheni zile za bei rahisi ni za kuchaji simu. Friji ikae kwa soketi yake ya ukuta, peke yake, na ukigusa plagi ukapata ina moto ama imekuwa nyeusi kwa miguu, badilisha plagi na soketi zote mbili, ukibadilisha moja ile nyingine mbovu itaharibu mpya.

Kama mashine ya nguo ama friji inakupiga shoti kidogo ukiigusa na miguu mitupu, usizoee. Huo ni waya wa athi, ule unapeleka stima iliyovuja ardhini, hauko ama umekatika. Nyumba nyingi za kupangisha soketi ziko na tundu tatu lakini ile ya juu haijaunganishwa na kitu. Mwambie landilodi alete fundi wa stima, na kabla aletwe vaa viatu na usiguse mashine ikiwa imewaka.

FRIJI NA FRIZA

Friji haitengenezi baridi, inatoa joto ndani na kulitupa nje, basi. Joto linatupwa kupitia ile grili nyeusi nyuma, na zile mpya grili imefichwa ndani ya bati za kando ndio maana ukigusa kando unapata ina moto, hiyo ni kawaida usiite fundi. Sasa kama umeisukuma mpaka ukuta, kando umeweka gunia la mahindi, juu umepanga sufuria na kitambaa cha maua, hilo joto litaenda wapi? Ni kama kukimbia saa nane mchana hapa Kondele ukiwa umevaa koti. Kompresa haipumziki, inakunywa tokeni, na inaisha mapema. Acha nafasi ya kama inchi nne nyuma, kando inchi mbili tatu hivi, na juu pabaki wazi. Isikae karibu na kuka, wala mahali jua la jioni linaingia na dirisha.

Kwa lebo ya nyuma ama ndani ya mlango tafuta herufi za hali ya hewa. N ni ya joto la nje mpaka digrii 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Kisumu hapa, chumba cha mabati bila siling mchana kinapita 32 bila kelele, kwa hivyo ukinunua chukua ST ama T. Nakuru ni kinyume, iko juu, Julai usiku kunakuwa na baridi ya ukweli, na hizo zote tatu zimetengenezewa chumba kisichoshuka chini ya digrii 16. Ukiweka friji ya milango miwili kwa stoo ya nje kule Lanet ama Kiamunyi, unaweza kuamka unapata nyama ya juu imelegea na friji haina ugonjwa wowote. Nyingi ziko na kipimo kimoja tu cha joto, kiko upande wa chini, kikisikia baridi ya chumba kinadhani kazi imeisha, kompresa inalala, friza inayeyuka. Rudisha hiyo friji ndani ya nyumba utaona imepona.

Grili ya nyuma isafishe. Kama uko karibu na barabara ya vumbi ama unakaanga samaki kila siku, fanya kila miezi mitatu, wengine mara mbili kwa mwaka inatosha. Mafuta ya kukaanga yanashikana na vumbi yanakuwa kama utandu mweusi, huo hautoki kwa kupuliza. Chomoa stima, vuta friji mbele, chukua brashi ya rangi ya inchi mbili, pitisha polepole kufuata nyaya, kwenye mafuta tumia kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kidogo kilichokamuliwa sana. Usimwage maji pale chini kwa kompresa. Hapo hapo angalia kama kuna mende ama mjusi, sipendi kusema lakini mjusi kafiri ameua bodi nyingi hapa, anaingia kutafuta joto anakanyaga mahali pawili kwa wakati mmoja. Na wale wadudu wa ziwa wakija kwa wingi kufuata taa, wanavutwa na feni za friza za duka wanaziba kila kitu, wenye maduka huku karibu na maji angalieni feni baada ya kila wimbi.

Mpira wa mlango ndio unaharibu pesa kimya kimya. Chukua noti ya mia, ifungie kwa mlango nusu iko nje, ivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo mpira umelegea. Zunguka mlango wote hivyo, juu, kando, na chini ndio husahaulika. Mara nyingi si kubadilisha, ni uchafu tu, soda imemwagika ikakauka ama mafuta. Osha na maji ya vuguvugu na sabuni, ingiza kidole na kitambaa kwa ile mikunjo, kausha. Kama umejikunja, loweka taulo kwa maji moto, kamua, weka pale dakika kadhaa, alafu unyooshe na mkono na ufunge mlango ukae. Ukikataa kabisa kunyooka ndio ununue mpya.

Barafu sasa. Kwa zile friza za kawaida ambazo haziyeyushi zenyewe, barafu ikifika unene wa kama nusu sentimita yeyusha, usingoje mpaka droo igome kufunguka. Zima, toa kila kitu, weka sufuria ya maji moto ndani juu ya kitambaa, acha mlango wazi, weka taulo chini. Ikianguka vipande toa na mkono ama mwiko wa mbao. KISU HAPANA. Na bisibisi hapana, na pia ile nyundo ya nyama hapana. Ule ukuta wa ndani ni alumini laini na gesi inapita pale pale, ukisikia "psssss" umemaliza friza yako, kwa sababu kuziba hapo ndani ni ngumu na mara nyingi hairudi kuwa sawa, na kwa friji nyingi za sasa hiyo gesi ni R600a ambayo inashika moto, kwa hivyo ikitokea fungua madirisha, usiwashe jiko, usiguse swichi hapo karibu.

Kwa wenye friza za kuuza samaki, hii ni yenu. Kwa lebo kuna namba inasema friza inaweza kugandisha kilo ngapi kwa masaa 24, na si sawa na ukubwa wa friza. Friza ya lita 200 unaweza kukuta uwezo wake ni kilo kumi na kitu kwa siku. Ukimwaga karai nzima ya ngege na mbuta fresh kutoka ufuoni kwa wakati mmoja, zile za katikati zinakaa na joto siku nzima zinaanza kunuka, na kompresa haizimiki mpaka kesho. Gandisha kidogo kidogo, panga zikae bapa zikigusa ukuta, zikishika ndio uhamishie katikati na uweke zingine. Vipande vya barafu ulivyogandisha jana usitoe vyote, vinasaidia kuvuta joto.

Chakula cha moto kipoe kwanza, hiyo mnaijua na bado mnaweka sufuria ya maharagwe inatoa moshi. Funika pia, mvuke wa chakula ndio unakuwa barafu. Friji weka kama digrii 4, friza 18 chini ya sifuri. Watu wanazungusha ile namba ya ndani wakidhani ni digrii, 7 si digrii 7, ni baridi zaidi, na kompresa ikae 7 mwaka mzima haitakushukuru. Kwa joto la huku weka katikati, kama hakupoi vizuri ongeza moja.

Maji yakijaa chini ya droo ya mboga, hakuna gesi imevuja ama nini, ni katundu ka nyuma kameziba na jani la sukuma. Mwaga maji ya vuguvugu pole pole na usukume na mrija laini. Yale maji yanashuka kwa kasahani kalikokaa juu ya kompresa, nako kakitoka kaoshe, ndiko harufu ya omena hujificha baada ya kuosha friji yote na kushangaa bado inanuka.

Stima ikipotea muda mrefu, kama ile ya Agosti 25 mwaka wa 2023 nchi nzima ilipolala giza, usifungue fungue kuangalia kama bado iko baridi. Friji ikifungwa chakula kinakaa salama kama masaa manne, friza iliyojaa inaweza kufika masaa 48, ikiwa nusu 24. Kila ukifungua unapunguza hayo masaa.

MASHINE YA NGUO

Hapa adui ni maji na sabuni, na stima inakuja nyuma.

Anza na presha. Wengi wetu tuko na tangi juu, na kila mita moja ya urefu inakupa kama bar 0.1 pekee. Tangi likiwa mita tatu juu ya mashine hiyo ni 0.3, na mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka kama 0.3 mpaka 0.5 kwenda juu, soma kitabu chake. Ndio unaona inajaza maji nusu saa, inaandika herufi za kosa, mtu anaita fundi wa bodi. Inua tangi ama weka pampu ndogo ya presha, na kabla ya yote hayo safisha filta ya kuingiza maji. Funga mfereji, fungua paipu nyuma ya mashine, pale ndani utaona kawavu kadogo, kavute na koleo ndogo, kasugue na mswaki wa zamani. Mvua ikinyesha maji ya mfereji yanabadilika rangi, yale matope yote yanashikwa hapo. Mtu anayetegemea jerikeni kabisa, ushauri wangu ni asinunue ya mlango wa mbele, achukue ile ya ngoma mbili, unajaza na ndoo mwenyewe na haina bodi ya kulia.

Sabuni: ile ya unga ya kufulia na mikono ina povu nyingi, kwa sababu sisi tunaamini povu ndio usafi. Kwa mashine ya mlango wa mbele povu linaingia pampu, linapanda juu linatoka na droo, linaenda mpaka kwa beringi, zile ngoma inazungukia. Nunua ile imeandikwa ya mashine, na uweke kidogo, vijiko viwili vikubwa kwa mzigo wa kawaida, ukiona mwisho wa suuza bado kuna povu, ujue unazidisha, punguza.

Alafu hii watu hawaijui. Tunafua na maji baridi siku zote kuokoa tokeni, sawa, siwalaumu, lakini sabuni na mafuta ya mwili haviyeyuki vyote kwa baridi, vinajenga utelezi mweusi nyuma ya ngoma, ndio unasikia nguo zimefuliwa zikatoka na harufu ya kitambaa kibovu. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa digrii 60 ama zaidi. Kama birika lako la maji linajenga ukoko mweupe, basi na hita ya mashine inajenga, hapo weka unga wa asidi ya sitriki vijiko vichache kwa ule mzunguko mtupu. Usichanganye na jiki, tafadhali, zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Kama umetumia jiki jana, leo endesha na maji matupu kwanza.

Ile filta ya chini mbele, kwa kamlango kadogo. Weka trei bapa na taulo, mwaga maji kwa kale kapaipu kama kapo, zungusha polepole. Nimetoa huko shilingi, pini za nywele, waya wa sidiria, soksi ya mtoto, na msumari wa fundi wa mbao aliyefulia ovaroli bila kupapasa mfuko. Fanya kila mwezi. Sidiria weka kwa mfuko wa wavu, ule waya ukitoka unaingia katikati ya ngoma na tangi unatoboa plastiki.

Usijaze. Mkono wako uingie juu ya nguo ukiwa umesimama wima, ukishindwa punguza. Blanketi zile nzito za msimu wa baridi wa Nakuru, kavu unaona ni moja tu, ikinywa maji inakuwa mzigo wa upande mmoja, ikifika kuspin mashine inapiga ukuta. Hizo peleka dobi ama fua na mikono, kama lazima basi spin ya chini.

Mashine inatembea? Sawazisha miguu. Weka glasi ya maji juu uone yanaelekea wapi, zungusha miguu mpaka yatulie, alafu kaza nati. Na kama ni mpya na inaruka kama ina pepo, angalia nyuma kama zile bolti za usafiri, za kushika ngoma njiani, zimetolewa. Zinafaa kutolewa kabla ya kufua mara ya kwanza, na uziweke mahali, utazihitaji. Ukimaliza kufua acha mlango wazi, pangusa ule mpira mzito wa mlango na mikunjo yake, acha droo ya sabuni wazi, funga mfereji. Ukisikia mngurumo kwa spin, shika ngoma ikiwa tupu uipandishe juu na mkono, ikicheza ni beringi, tengeneza mapema maana ukingoja inakata ekseli na hapo bei inapanda mara mbili.

KUKA

Nilisema ugali. Watu wa huku tunasonga ugali wa nguvu, sufuria ya watu wanane, mtu anaegemea mwiko na mwili wote, na ile grili ya kuka ni chuma chembamba cha kubeba sufuria ya kitunguu. Inapinda, sufuria inainama, bana, ile inatoa moto, inahama, moto unapiga upande mmoja. Kama kuka yako ni ya kioo juu usithubutu, kikipasuka hakizibwi. Songea ugali kwa meko ya kuni ama kwa bana ya mtungi ule mdogo wa chini, kuka ibaki na mboga na chai. Ukikosa budi, mtu wa pili ashike sufuria, na utumie ile bana ya nguvu yenye grili nene.

Chai ya maziwa ikifurika inaziba matundu ya bana na kuoza pale kwa kidude cha cheche. Kuka ikipoa toa kofia za bana, loweka maji moto na sabuni, zibua matundu na sindano, usitumie kijiti cha meno kinavunjikia ndani, kausha kabisa ndio urudishe sawa sawa kwa nafasi yake. Moto unafaa kuwa wa bluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zinakuwa nyeusi chini, bana ni chafu ama haijakaa vizuri. Cheche ikianza kupiga tak tak tak yenyewe baada ya kuosha, ni maji yameingia, chomoa stima yake iache ikauke. Vishikio vikiwa vigumu kuzungusha usipulizie mafuta ya kuzibua kutu, hiyo valvu ni ya gesi, ina grisi yake, ita fundi.

Gesi ikikaribia kuisha usilaze mtungi wala kuupindua. Najua inaendelea kuwaka kidogo, lakini unachopitisha hapo ni gesi ikiwa bado majimaji, inaingia regulata na kuiharibu, na moto unaweza kuruka. Paipu ikunje kila miezi michache uangalie nyufa, ikiwa ngumu ama ina mpasuko badilisha, na uvujaji pima na povu la sabuni, si kiberiti.

Mlango wa oveni ukiwa wazi si meza, usiweke sufuria ya pilau pale, bawaba zinapinda na joto linatoroka. Zile sahani za umeme za kupikia juu ya kuka, ukizipangusa ziwashe dakika mbili zikauke, zikibaki na maji zinashika kutu. Na kuka yenye oveni ya umeme isiingie plagi ya kawaida ya ampea 13, hiyo inabeba kama wati 3,000 tu, iwekewe waya wake mzito na swichi yake kubwa ya ukuta.

UKIITA FUNDI

Sisi mafundi tuko aina nyingi. Fundi akikuambia gesi ya friji imeisha anaongeza, muulize imeenda wapi. Gesi haitumiki ikaisha kama ya kupikia, inazunguka tu ndani, ikipungua kuna mahali inavuja. Atafute mahali, azibe, abadilishe filta ya gesi, avute hewa na pampu ya vakyumu, alafu apime gesi kwa gramu kulingana na ile lebo ya nyuma, kwa sababu friji ya nyumbani inabeba gramu chache sana na R600a ndio kidogo zaidi. Akija na mtungi na mdomo mtupu, akapuliza akasema "iko sawa mama", wiki chache mtaonana tena. Na asiweke gesi ya aina nyingine ati zinafanana, hazifanani. Kompresa ya zamani akiitoa mwambie akuachie, uone ni yako kweli imetoka.

Garanti nayo, weka risiti mahali mende hawali, piga picha na simu maana ile karatasi ya duka inafifia. Zile za miaka kumi soma vizuri, mara nyingi ni kompresa peke yake, kazi na gesi ni juu yako.

SIKU YA KUHAMA

Friji nyingi hufa kwa pikap. Zima siku moja mbele iyeyuke, kausha, funga mlango na kamba laini wala si gundi ya karatasi inayong'oa rangi. Isafiri ikiwa imesimama. Kama gari ni probox na lazima ilale, ilale upande ule ambao paipu za kompresa zinaangalia juu, si zile zinaangalia chini, na isiwe safari ya Kisumu mpaka Nakuru. Mashine ya nguo rudisha zile bolti nilisema uziweke, mwaga maji yote kwa filta ya chini, funga paipu. Kuka toa kofia za bana na grili ufunge kwa gazeti, zisiachwe zikigongagonga.

Ukifika, friji iliyosafiri imesimama iache masaa matatu manne ndio uwashe. Ile ililala, isimamishe uiache mpaka kesho yake, mafuta ya kompresa yarudi chini, hata kama nyama iko kwa karai na wageni wako njiani. Nyama peleka kwa jirani.